Mkunga Aliyeusikiliza Mtaa

Ofisi ya Jiji, Kitengo cha Madodoso
Jumatatu, 3 Juni

Kwa Bibi wa nyumba namba 17,

Shikamoo. Mimi ni yule karani niliyekuja kwako Alhamisi na ubao wa kuandikia kifuani, nikakuuliza umeridhika kiasi gani na huduma za jiji. Sasa nimekaa kupanga madodoso ya mtaa wenu, na lako limenishinda.

Nyumba sitini na moja zimeyapa maji alama nne au tano. Wewe peke yako umeyapa moja. Nilipouliza mabomba yako hukauka mara ngapi kwa wiki, ulijibu, "Hayajawahi." Nikauliza basi kwa nini moja, ukaniambia, "Kwa sababu yanatembea." Nikauliza mnaishi watu wangapi humo ndani, ukajibu, "Tangu mvua za mwaka jana." Niliandika hivyo hivyo. Msimamizi wangu alipolisoma alicheka mpaka akavua miwani.

Sitaki watu wakucheke, Bibi. Naomba unifafanulie kwa simu, namba iko chini ya karatasi hii. Ripoti itasomwa mbele ya wakuu tarehe 28, na kabla ya hapo kila jibu lazima lieleweke.

Wako katika kazi,
Karani wa madodoso


Nyumba namba 17
Jumatano, 5 Juni

Mwanangu karani,

Marahaba. Simu siipendi, kwa hiyo nakuandikia. Mpangaji wangu wa chumba cha uani ni fundi viatu, na kila asubuhi hupita mlangoni kwenu akienda kibandani kwake. Atakuwa tarishi wetu. Tunaishi mimi na yeye tu, andika wawili.

Haya, maji. Nilikuwa mkunga miaka thelathini na minane, na nusu ya kazi hiyo ni kusikiliza. Tulikuwa na kipembe cha mbao, kipana upande mmoja. Unakisimamisha juu ya tumbo la mama, unaweka sikio upande wa pili, unausikia moyo wa mtoto. Nilipostaafu nilipewa kile nilichokuwa nikikitumia. Wenzangu walipewa saa za ukutani, na nadhani hadi leo wananionea wivu.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, mgongo ulikuwa unanisumbua, nikajilaza sakafuni baada ya chakula cha mchana. Nikahisi kitu kwenye mbavu. Nikachukua kipembe, nikakisimamisha juu ya saruji, nikainamisha kichwa. Mwanangu, kuna kitu kinadunda chini ya mtaa huu. Mvumo mrefu, na ndani ya mvumo mdundo. Nikatoka nikasikiliza barazani, halafu pembeni mwa barabara, mtu mzima nimepiga magoti kama niliyeangusha pete. Mbele ya geti la shule ndipo kilipodunda kwa nguvu zaidi. Nywele za mikono zilinisimama. Nilidhani miaka yote ile nimeshasikia kila kinachoishi gizani. Kumbe bado.

Bomba langu halikauki, ni kweli. Lakini huduma ya maji si bomba langu tu. Kuna maji yanatembea mahali pasipo pao. Nimewapa moja, na hiyo moja nimewahurumia.

Waambie wanaohusika.

Mkunga wa nyumba namba 17


Ofisi ya Jiji
Jumanne, 11 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu niliisomea nyumbani, kisha nikachukua bilauri, nikaifunika sakafuni na kuweka sikio. Nilisikia cherehani ya jirani na mume wake akilalamika. Basi.

Suala lako nimelifikisha panapohusika, na nimeambiwa linafanyiwa kazi. Dodoso lako limeingia kama lilivyo. Usiwe na wasiwasi.

Msimamizi amefurahi sana. Anasema mtaa wenu huenda ukawa wa kwanza katika jiji zima kwa wakazi kuridhika na maji, na utatajwa mbele ya wakuu.

Utunze mgongo wako.

Karani


Nyumba namba 17
Jumatatu, 17 Juni

Mwanangu,

Ahsante kwa kunifikishia. Hajaja mtu. Najua ofisi zina mwendo wake, nami niliajiriwa, kwa hiyo nangoja. Ila nangoja nikifanya kazi.

Tangu mwezi wa tatu nachora kwa chaki. Kila mchana, mtaa ukishalala usingizi wa baada ya chakula, natoka na kipembe, nasikiliza hatua kwa hatua, na pale mvumo unapoishia natia alama. Mwezi wa tatu duara lilikuwa ukubwa wa kitanda. Mwezi wa tano lilikuwa chumba. Leo limetoka geti la shule limefika kwa muuza mkaa. Kuna mahali nimesimama nikasita kuinua mguu, si kwa sababu ya hofu hasa. Ilikuwa kama kusimama juu ya tumbo la kitu kikubwa kisichojua kwamba nipo.

Majirani wananitazama. Baadhi yao wanadhani nimeanza kupoteza akili, lakini wananipenda, kwa hiyo hawasemi. Wengi humu niliwapokea kwa mikono hii. Dereva wa lori la taka nilimpokea mimi. Alitanguliza miguu, na hadi leo anaingia mtaani kinyumenyume.

Watoto wa shule wameigeuza chaki yangu mchezo. Asubuhi wanapanga foleni kuruka mstari, wanatua katikati kwa miguu miwili, pwa! Nawafukuza, wanacheka. Ni mia tatu na kitu, mwanangu. Waulize hao wa ofisini kama kweli hawawezi kuja hata mmoja.

Mkunga


Nyumbani kwangu, si ofisini
Alhamisi, 20 Juni

Bibi,

Nimekudanganya. Sikulifikisha suala lako popote, na dodoso lako halikuingia kama lilivyo.

Msimamizi aliniita akanionyesha jedwali la mtaa wenu. Akasema, "Hii moja yako imesimama kama msumari kwenye kiti. Bibi mwenyewe unaona alivyojibu, hakuelewa maswali. Itengeneze." Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Moja ni rahisi sana kuwa nne, Bibi. Ni mistari miwili tu. Niliiandika huku nikijiambia kwamba bibi hakuelewa maswali.

Barua yako ya chaki imenifikia. Jana niliomba ruhusa nikaja mtaani kwenu. Wewe hukuniona. Nilisimama ng'ambo, watoto wakitoka shule, nikaona msichana mwenye mkoba mwekundu akiruka mstari wako, akatua, akaruka tena. Niliwaita wote watoke hapo nikapayuka kama mwehu, nao wakanicheka kama wanavyokucheka.

Kutoka hapo nikaenda kwa fundi mkuu wa mabomba ya jiji. Nikamweleza yote. Akasikiliza vizuri mpaka alipouliza, "Nani kasikia?" Nikamtajia mkunga mstaafu wa nyumba namba 17. Akaweka kikombe chini. "Yule namjua, mwaka jana nilikwenda kwake kukagua mita. Nilimwambia habari za asubuhi, akanijibu zimeisha, jaribu duka la pili. Binti, yule mama ni kiziwi."

Bibi, ni kweli? Niambie, tafadhali. Sijui tena nimwamini nani, na wa kwanza nisiyemwamini ni mimi.

Karani


Nyumba namba 17
Jumamosi, 22 Juni

Mwanangu,

Ni kweli.

Walianza kuondoka ndege. Nikadhani wamehama. Halafu ikaondoka filimbi ya birika, halafu sauti za watoto, halafu za wanawake. Nilikuwa bado kazini na sikumwambia mtu, nikajifunza kusoma midomo. Siku moja mama mmoja aliniita nyuma ya pazia, akaita, akaita. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nakunja mashuka. Alijifungua peke yake. Wote wawili walitoka salama, lakini wiki ile ile nikaandika barua ya kustaafu, na sababu nikaandika mgongo. Unaona, hata mimi karatasi zangu hazisemi kweli.

Ulipokuja na ubao wako uliinamisha kichwa kuandika, sikuiona midomo yako. Nikakisia maswali. Nilijua utakuja kuuliza mtaa unaendeleaje, na nilikuwa na jibu moja tu nililolibeba miezi mingi, nikakupa hilo hilo kwa kila swali.

Lakini sikiliza. Kilichoondoka ni sauti za juu. Za chini zimebaki zote. Lori nalisikia likiwa barabara ya pili. Radi naisikia kabla yako. Ukinipa tumbo la mama leo, moyo wa mtoto nitausikia. Na kwa kuwa hakuna kelele nyingine inayonichanganya, nausikia peke yake, kama vile dunia nzima imenyamazishwa ili usikike. Sijui kwa nini nilipewa hivyo. Wakati mwingine mwili unanisisimka nikifikiria.

Sasa lililonifanya nikuandikie leo hii. Jana mchana nilisikiliza mbele ya geti la shule, mdundo haupo. Nikasogea, haupo. Nimelizunguka duara lote mara mbili. Kimya. Kwa kazi yangu, mwanangu, hakuna sauti ninayoiogopa kuliko hiyo.

Leo na kesho shule imefungwa. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitaweka kiti changu barabarani, nje ya mstari wa chaki, nami nitakaa. Atakayetaka kupita atanibeba kwanza.

Sikukasirikii. Ile nne uliyoandika, ifute mwenyewe.

Mkunga


Nyumbani
Jumamosi, 29 Juni

Bibi yangu,

Tangu Jumatatu tumeonana mara mbili, na mara zote mbili umenishika mikono ukacheka, watu wamekuzunguka na hakuna aliyekumbuka kukutazama usoni akisema. Kwa hiyo nakuandikia yale uliyoyaona bila kuyasikia.

Barua yako fundi viatu alinikabidhi Jumamosi mchana, nikiwa ofisini nafunga jalada la ripoti. Jumapili nilikwenda nyumbani kwa fundi mkuu. Mkewe alinikaribisha, nikaketi, nikamsomea fundi barua yako yote kwa sauti. Alikuwa anamenya chungwa. Nilipofika pale mdundo uliponyamaza, kisu kikasimama. "Rudia hapo," akasema. Nikarudia. "Bomba linalovuja hulia," akasema, "kwa sababu maji yanapigana na udongo. Likiacha kulia na hakuna aliyelitengeneza, basi udongo wa kupigana nao umekwisha." Hakulimaliza lile chungwa.

Jumatatu, mimi nilifika saa kumi na mbili na nusu. Wewe ulikuwa umeshakaa, umejifunga kitenge, kipembe mapajani. Lori la taka likaingia. Dereva akapiga honi mara mbili, akashuka amekasirika. Akasema, "Bibi, nitachelewa, nina mitaa sita." Ukamjibu, "Salama, mwanangu, nyumbani hawajambo?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikamweleza dereva yaliyo chini na kwamba husikii. Akaniambia, lakini kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu alinishika kabla ya mama yangu hajanishika. Mimi simpiti." Akarudi kwenye lori, akazunguka mtaa wa nyuma, akaja kuliegesha upande wa pili wa duara, akafunga njia kabisa. Kinyumenyume, ndiyo.

Mwalimu mkuu akatoka, akaangalia chaki, akaangalia lori, akawageuza watoto wote wapite mlango wa nyuma. Halafu wakaanza kuja. Wewe ulikuwa umetazama barabara, wao walikuwa nyuma yako. Muuza mkaa na kigoda chake. Mama wa duka la vitabu na mkeka. Mzee wa nyumba namba 40 aliyeniambia mimi kwamba mtaa huu hauna tatizo lolote. Mtu mmoja akauliza, "Nani hapa alipokelewa na Bibi?" Mikono ikainuka. Kazi yangu ni kuhesabu, Bibi, nikahesabu. Hamsini na tatu. Wengine wana mvi. Walikuwa wameinua mikono kama wanafunzi, na hakuna aliyeishusha haraka, na wewe hukugeuka hata mara moja.

Fundi mkuu alifika saa moja na dakika kumi na watu wake. Wakajifunga kamba kiunoni. Akachukua mtaimbo, akaupiga juu ya lami. Mara ya kwanza, ngo. Mara ya pili, ngo. Mara ya tatu mtaimbo ukapita, ukamponyoka mkononi, ukazama wote. Uliona tulivyoganda. Nitakuambia kwa nini. Tulikuwa tunasubiri usikike ukigonga chini. Nikahesabu moja. Sikufika mbili. Ndipo kutoka chini kabisa tukasikia maji, sauti ndogo, kama mtu anayeweka kijiko kwenye beseni.

Fundi akavua kofia. Akaja akapiga magoti mbele yako akasema kitu, nawe ukaitikia kwa kichwa, na najua hukukielewa kwa sababu alikuwa ameinama. Alisema, "Nina mashine ya kusikiliza mabomba, Bibi. Iko stoo imefunikwa turubai, mwaka wa pili huu. Nisamehe."

Walipokata lami waliniruhusu nichungulie. Sijui nikueleze vipi. Shimo la mita tisa kwa sita, na kwenda chini urefu wa watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake. Lami iliyokuwa juu yake ilikuwa unene wa kiganja changu. Fundi anasema bomba kuu lilipasuka mbele ya geti la shule, maji yakauchukua udongo kidogo kidogo na kuupeleka kwenye mtaro wa zamani ambao ramani zetu hazina. Bomba ni pana mno, kwa hiyo hakuna nyumba iliyopungukiwa hata ndoo moja. Ndiyo maana majirani zako walitupa nne na tano. Wanafunzi mia tatu na kumi na wawili, nimeuliza. Kila asubuhi.

Jana ilikuwa tarehe 28. Asubuhi nilikwenda kwa msimamizi na dodoso lako, nikaifuta nne mbele yake, nikaandika moja. Akasema, "Unajua unachojifanyia?" Nikasema najua. Mkutanoni nikaomba kusimama. Nikasema kwamba kuna jibu moja niliagizwa kuligeuza, nami nikaligeuza, na kwamba lilikuwa jibu pekee la mtaa ule lililotazama chini. Mkuu mmoja akaomba alione. Dodoso lako likazungushwa mezani, mkono kwa mkono, ile karatasi ya "tangu mvua za mwaka jana," na safari hii hakuna aliyecheka. Mwingine aliishika kwa mikono miwili.

Msimamizi amesimamishwa. Mimi nimepewa barua ya onyo na nimehamishiwa masjala, nitapanga majalada. Ni haki yangu, sinung'uniki. Fundi mkuu amekuja mara moja kuniuliza kama masjala kuna ramani za zamani za mitaro. Zipo, rafu nzima. Nimeanza kuzifungua.

Shikamoo, Bibi. Safari hii naisema nikiwa nimeinuka kitini.

Karani


Nyumba namba 17
Jumatatu, 8 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Hamsini na tatu! Nimekaa na idadi hiyo siku nzima. Sikuwahi kuhesabu. Mtu akiwa kazini huhesabu vidole vya mtoto tu, kumi na kumi, basi anapokea mwingine.

Walimaliza kulijaza shimo jana jioni, na leo lori limepita juu yake. Lakini kabla ya kulijaza kuna jambo lilitokea ambalo wewe hukuliona kwa sababu ulikuwa masjala na ramani zako, nami nataka ulijue kutoka kwangu.

Ijumaa nilimwendea fundi mkuu nikamwambia nataka kushuka. Akasema haiwezekani. Nikamwambia nimekaa juu ya kitu hicho miezi minane, nina haki ya kukiona uso. Alisema mengi, mimi nikatazama pembeni nisione midomo yake, ikawa hakuna ubishi. Mwishowe akanivika kofia ngumu, wakanifunga kamba, dereva wa lori akashika kamba, fundi viatu akashika ngazi, nikashuka. Miaka sabini na minne, kitenge nimekipandisha magotini.

Chini kulikuwa na ubaridi wa asubuhi. Maji walishayafunga, yalibaki kidogo tu, ya kufika kifundoni, meupe mpaka naona kucha zangu. Mawe yote yameoshwa yakawa laini, hakuna hata moja lenye kona. Mizizi ya ule mti wa shuleni imening'inia hewani, myembamba, imesafishwa kama nywele zilizochanwa. Kuta zina michirizi, mmoja juu ya mwingine, na nilipopitisha kidole nikajua kila mchirizi ni siku niliyokuwa juu nimepiga magoti. Kitu ambacho kingetuua sote kilikuwa kizuri namna ile, na kilifanywa bila haraka na bila hasira, maji yanatafuta njia tu.

Halafu nikainua kichwa. Mahali walipokata lami palikuwa na mwanga wa duara, na kuuzunguka mwanga kulikuwa na nyuso. Wamejaa pembeni pote, wamelala kifudifudi, wamenyoosha mikono. Wananitazama. Wanasema maneno nisiyoyasikia, wanatabasamu na wana wasiwasi papo hapo. Miaka thelathini na minane nimesimama upande ule wa mwanga, nikinyoosha mikono, nikiwaambia watoto wanaozaliwa maneno wasiyoweza kuyaelewa. Sikuwahi hata siku moja kujua wao walikuwa wanaona nini. Ni hivi, mwanangu. Wanaona hivi.

Wakanivuta taratibu. Kichwa kilipofika kwenye mwanga, dereva wa lori akapaza sauti, na watu wote wakaangua kicheko. Baadaye fundi viatu aliniandikia kwenye karatasi alichosema: "Jamani, ni mtoto wa kike!"

Mimi sikucheka. Nilivuta pumzi, ule mwanga ukaniingia machoni, nikaangua kilio. Sauti yangu siisikii, unajua. Lakini niliziona zile nyuso zote zikilegea kwa pamoja, nikajua nimelia kwa nguvu ya kutosha.

Mkunga